Chini ya Taa Nyekundu Kila Kijani ni Cheusi

Lipo tusi la mama, lipo tusi la baba, na lipo tusi la fundi. Tusi la fundi ni kuambiwa mbele ya watu kwamba vifaa ulivyofunga kwa mikono yako ni feki. Cheche alitukanwa tusi hilo Jumatatu asubuhi, uani mwa kiwanda, mbele ya wafanyakazi wote, pamoja na mlinzi aliyeacha geti wazi ili uhondo usimpite.

Mkurugenzi alisimama kwenye ngazi za ofisi, ameshika chupa ya kioo kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya mkiani. Ndani ya chupa mlikuwa na maji meupemeupe yenye ukungu, kama maji yaliyooshewa brashi ya chokaa.

"Mnaona hiki?" alisema. "Ijumaa kilikuwa mwani. Leo ni maji ya kusuzia. Mabomba yote yamekufa, na kilichoyaua ni taa. Tulimwagiza fundi wetu taa za maana, yeye akaenda kutubambikia feki za vichochoroni. Taa zinazounguza!"

"Rudia," alisema Cheche.

"Nirudie nini?"

"Hilo neno la mwisho kabla ya vichochoroni."

"Feki," alisema Mkurugenzi, na safari hii alilitamka polepole, kama mtu anayemlisha mtoto.

Cheche alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, na jina hilo la Cheche alipewa tangu akiwa mwanagenzi, kwa sababu mbili: umeme na hasira. Hakuwa mnyenyekevu, wala hakuwahi kudai kuwa. Akimaliza kazi alikuwa na desturi ya kurudi nyuma, kuikodolea macho, na kuuliza kwa sauti, "Nani kama mimi?" Na mtaa mzima ulikubali kwamba hakuna, kwa sababu nyumba alizofunga nyaya yeye hazikuwahi kunusa moshi.

"Mkurugenzi," alisema, "Ijumaa ni nani aliyeniambia niwashe taa nyeupe zote mpaka mwisho? Si wewe?"

"Nilikuambia uwashe taa. Sikukuambia uue mwani."

Watu wakacheka. Hapo ndipo mtunza bohari, ambaye alikuwa hawezi kuona mtu ameanguka bila kumtungia beti, alipopaza sauti kutoka nyuma:

"Fundi kaleta kurunzi, mwani ukawa ni chaki;
Tulimwita ni mjuzi, kumbe taa zake feki!"

Kicheko kilichofuata kilipanda hadi paa la bohari. Hata mlinzi alijipiga paja. Cheche alifungua mdomo ajibu, akakuta mdomo mtupu. Jibu lilimjia baadaye sana, njiani kuelekea nyumbani, ubeti mzima wenye vina vyake, na kuchelewa kwake kulimchoma kuliko ubeti wenyewe wa mtunza bohari.

Lakini kilichomtoa roho hasa hakikuwa Mkurugenzi wala kicheko. Kando ya bomba la maji alisimama mwanamke kijana aliyevaa koti jeupe la kazi, mikono mifukoni, macho kwenye viatu vyake. Huyo alikuwa mdogo wa mke wake. Ndiye mtunza mwani wa kiwanda, msomi wa mambo hayo, na ndiye aliyemtafutia Cheche ile kazi. Kama yupo mtu aliyejua kwamba taa zile ni nzima, ni yeye. Naye alikuwa anavikagua viatu vyake kana kwamba amevikuta miguuni mwa mtu mwingine.

"Shemeji," Cheche alimwita mbele ya wote. "Waambie."

Shemeji yake alinyanyua uso, akamtazama Mkurugenzi, akamtazama Cheche, akarudisha macho kwenye viatu.

"Sina la kusema," alisema.

Ili mtu aelewe dhuluma ile, ni lazima akijue chumba cha mwani.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo: ofisi, bohari, chumba cha kukaushia, na chumba kimoja kirefu kisicho na dirisha. Humo mabomba ya kioo, mapana kama mapipa na marefu kuliko mtu, yalisimama mistari miwili yakitoa viputo vya hewa mchana na usiku. Ndani ya maji hayo uliishi mwani. Si ule mwani unaoteleza miguuni ufukweni, bali mwani mdogo usioonekana kwa jicho, chembe mojamoja, mamilioni kwa mamilioni, mpaka maji yenyewe yanageuka kijani. Ukitunzwa vizuri, kijani hicho huiva kikawa chekundu kama tofali. Hapo huchujwa, hukaushwa, husagwa, na unga wake huuzwa kwa wafugaji. Kuku akilishwa unga ule, kiini cha yai lake hutoka na rangi iliyokolea hata mlaji akafikiri kuku huyo analala kitandani.

Siri yote ilikuwa kwenye mwanga. Cheche alifunga taa za rangi tatu, nyekundu, buluu na nyeupe, kila rangi na kitufe chake cha kuzungusha cha kupunguza na kuongeza. Siku alizokuwa akifunga, shemeji yake alikuwa akimweleza huku akimshikia koleo.

"Mwekundu unawafanya wazaane," alisema. "Wa buluu unawajaza miili. Wakishakuwa wengi, maji yakawa mazito, ndipo nawawashia mweupe mkali. Mweupe mkali unawatisha. Wakitishika wanaacha kuzaana, wanajitengenezea rangi nyekundu ya kujikinga, kama sisi tunavyojitupia nguo kichwani juani. Hiyo rangi ndiyo mali."

"Kwa hiyo mnauza hofu yao."

"Tunauza hofu, shemeji. Lakini hofu ya kiasi. Wakiwa wengi wanakingana, wa mbele anamkinga wa nyuma. Wakiwa wachache, kila mmoja anapigwa peke yake. Hawawahi kuiva. Wanapauka, wanakufa."

"Kama watu."

"Watu ni wagumu kidogo," alisema shemeji yake, wakacheka.

Na ilikuwepo desturi moja ambayo shemeji yake hakuivunja hata alipokuwa na homa. Kabla ya kuamua lolote juu ya bomba, alichota maji yake kwenye glasi, akatoka nayo hadi mlango wa nyuma, akaiinua mbele ya ukuta mweupe, kwenye mwanga wa jua. Wenyewe waliita "kutoa mlangoni". Cheche aliona ni mbwembwe za wasomi hadi alipoelezwa. Chini ya taa nyekundu, kijani hakionekani kijani. Kinaonekana cheusi. Maji mazito ni meusi, na maji mepesi nayo ni meusi. Jicho lililo ndani ya kile chumba ni jicho la kipofu, na mwenye jicho hilo hajijui.

Sasa ije Ijumaa.

Alhamisi shemeji yake alikuwa amepunguza mabomba: alitoa nusu ya maji, akajaza maji mapya na chakula, ili mwani uanze kuzaana upya. Akamwambia Mkurugenzi kwamba mabomba ni machanga, yaachwe chini ya taa nyekundu hadi wiki ijayo. Ijumaa hakuja, kwa kuwa alimpeleka mama yake kupimwa macho. Cheche alikuwa kule anabadilisha soketi moja ya chumba cha kukaushia, Mkurugenzi akaja mbio na simu mkononi. Mfugaji mkubwa wa kuku, mteja ambaye wote walimwita Mama Mayai, alikuwa anakuja Jumatano kuona mwani mwekundu kwa macho yake. Mkurugenzi alimwahidi. Aliingia chumba cha mwani, akatembea katikati ya mabomba chini ya taa nyekundu, akayaona meusi tii.

"Yameiva kweli kweli!" alisema. "Fundi, zima nyekundu. Washa nyeupe, zungusha mpaka mwisho."

"Shemeji yangu huwa anatoa mlangoni kwanza," alisema Cheche.

"Mlango ni wa nani?"

"Wako."

"Basi zungusha."

Cheche akazungusha. Mkono wake ndio uliozungusha, hilo hakuwahi kulikana. Taa nyeupe zilipowaka waliona wote wawili kwamba maji yale hayakuwa meusi wala mazito. Yalikuwa kijani chepesi, kama majani machanga. Cheche aliuliza kama arudishe. Mkurugenzi alisimama kidogo, akaitazama simu yake, akasema, "Acha. Yatakolea." Akatoka. Kwa hiyo hakuwa mjinga. Aliona. Alisoma vitabu vilevile alivyosoma shemeji, na pengine vingi zaidi, na aliona kwa macho yake. Mjinga husamehewa. Huyu aliona, akacheza kamari na mali isiyokuwa yake peke yake, akaliwa, na Jumatatu akapanda ngazi kutafuta wa kumbambikia.

Nyumbani, Mama Pacha, mke wa Cheche, alimkuta mumewe ameketi juu ya sanduku la vifaa katikati ya sebule, hajavua hata viatu.

"Umekuwa ngome ya nani hapo katikati ya njia?"

"Mdogo wako amenichinja."

Akamsimulia. Mama Pacha alisikiliza huku akikunja nguo za watoto, na kila Cheche alipopandisha sauti, yeye alikunja kwa nguvu zaidi, mpaka shati moja likawa dogo kama leso.

"Labda aliogopa," alisema.

"Mimi sikuogopa? Mimi nimesimama pale kama mbuzi wa kafara, mtunza bohari ananitungia mashairi! Kesho nani ataniita nimfungie taa? Watasema yule wa feki. Jina la fundi likishapakwa masizi, mke wangu, hata ulioshe kwa petroli halitakati."

"Na wewe Ijumaa kwa nini ulizungusha?"

Cheche aliinama kufungua kamba za viatu. Hilo lilikuwa swali alilokuwa ameliepuka mchana kutwa.

"Kwa sababu niliamriwa," alisema hatimaye.

"Basi naye labda aliamriwa."

Kabla hajajibu, hodi ikapigwa. Alikuwa shemeji mwenyewe, bila koti jeupe, macho yamevimba.

"Karibu," alisema Cheche bila kuinuka. "Viatu vyako havijambo? Maana leo umevitazama sana."

"Mume wangu!"

"Mwache, dada. Ana haki." Shemeji alibaki amesimama. "Asubuhi kabla ya mkutano aliniita ofisini. Akaniambia, kwa maneno haya haya, mwani umekufa na mtu mmoja lazima abebe. Ama ni taa, ama ni mtunza. Chagua."

"Ukanichagua mimi."

"Nilimfikiria mama. Upasuaji wa jicho ni mwezi ujao, na mimi ndiye—"

"Mama yako ni mama mkwe wangu! Ungeniambia! Ningembeba mgongoni mpaka kwa daktari wa macho. Ila hukuniambia. Uliniacha nifike pale na tabasamu langu na soketi zangu, nikaokwe."

Shemeji aliketi, watoto pacha wakigombania kijiko chumba cha pili. Alisema kwamba mbegu haikufa. Siku zote aliweka mtungi mmoja wa mwani mzito kwenye rafu ya chumba chake kidogo, mbali na taa kali. Akasema tena, kwa sauti ya kusitasita, kwamba anaweza kumpa Cheche mitungi miwili, mmoja mzito na mmoja mwepesi. Siku ya Jumatano aiweke chini ya taa nyekundu, amtake Mkurugenzi aseme upi umeiva. Hataweza. Hakuna awezaye.

"Unanipa mitungi," alisema Cheche. "Mimi nataka mdomo wako."

"Mdomo wangu hauko tayari."

"Basi wewe si shemeji. Wewe ni dirisha. Unaona kila kitu, husemi kitu."

Mama Pacha alimtupia lile shati lililokunjwa, likampata kifuani. "Chukua mitungi," alisema. "Hasira haikatazi mtu kupokea msaada."

Akaikubali.

Jumatano Mama Mayai alifika na dereva wake. Alikuwa mwanamke mnene, mzee kidogo, mwenye sauti ya kuita kuku hekta nzima. Mkurugenzi alimpokea getini kwa vicheko na pole nyingi, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamweleza mkasa wa taa feki kabla hajaulizwa. Wafanyakazi walikuwa wamejikusanya, kwa sababu Mkurugenzi alitaka fundi aombe radhi mbele ya mteja na jambo liishe.

"Huyu ndiye mwenye taa?" aliuliza Mama Mayai.

"Ndiye mimi," alisema Cheche. "Na sikuja kuomba radhi. Nimekuja kudai."

"Unadai nini?"

"Jina langu."

Mama Mayai alimtazama kutoka utosini hadi kwenye viatu. "Kuku wangu akipotea namtafuta bandani," alisema. "Jina lako limepotelea wapi?"

"Mle ndani. Ingia nikuonyeshe."

Mkurugenzi alianza kusema kwamba hakuna muda wa michezo, lakini Mama Mayai alikuwa tayari ameufikia mlango wa chumba cha mwani, na mteja mkubwa hashikwi mkono. Wakaingia wote waliotosha, waliobaki wakachungulia mlangoni. Ndani palikuwa na harufu ya kuoza kidogo. Mabomba meupe yalisimama kama watu waliopakwa majivu. Juu ya meza shemeji alikuwa ameweka mitungi miwili mikubwa ya kioo, na alisimama nyuma yake akiwa amekunja mikono.

Cheche akazima nyeupe, akawasha nyekundu. Chumba kikawa kama ndani ya jicho linalouma. Mitungi yote miwili ikawa myeusi.

"Mmoja kati ya hii ni mzito, umeiva kuwekwa mwanga mkali," alisema. "Mwingine ni mchanga, ukiuwashia mwanga mkali unakufa. Mkurugenzi Ijumaa alisimama hapahapa, chini ya taa hii hii, akasema yameiva. Achague."

"Sichezi bahati nasibu na fundi wa soketi," alisema Mkurugenzi.

"Basi chagua wewe, fundi," alisema Mama Mayai. "Mwenye kelele ndiye atangulie."

Hapo Cheche alipaswa kukataa. Alijua kwamba haionekani. Ndiyo iliyokuwa hoja yake yote. Lakini mtu aliyezoea kujiuliza "Nani kama mimi?" hawezi kukubali haraka kwamba macho yake ni kama ya wengine. Isitoshe, alikumbuka kwamba mtungi mzito uliwekwa upande wa kushoto.

"Geukeni ukutani," Mama Mayai aliamuru. Wote wakageuka kama watoto wa shule, Mkurugenzi naye. Nyuma yao wakasikia yeye na dereva wake wakihamishahamisha vioo. "Haya. Chagua."

Cheche aliinama. Alitazama huu, akatazama ule. Alisogea, akarudi nyuma. Jasho likamtoka. Kisha, kwa sauti ya mtu asiyekuwa na shaka hata chembe, akagonga mtungi mmoja kwa ukucha.

"Huu ndio mzito."

Dereva akaubeba hadi mlango wa nyuma, watu wakafuata. Juani, mbele ya ukuta mweupe, maji yakawa ya kijani chepesi, mepesi mno hata vidole vya dereva vilionekana upande wa pili.

Kicheko kilichozuka kilizidi kile cha Jumatatu. Masikio ya Cheche yaliwaka moto. Alitaka ardhi ipasuke, na kama isingepasuka, alitaka ampasue mtu.

"Fundi hajui hata rangi!" Mkurugenzi alicheka kuliko wote, machozi yakimtoka. "Wenyewe mmeona! Ndiye huyu wa kunifundisha mimi!"

Mama Mayai hakucheka. Aliutazama mtungi juani, kisha akamgeukia Mkurugenzi.

"Fundi amekosea," alisema. "Kwa hiyo mle ndani haionekani."

"Mtu kama yeye haoni."

"Na wewe unaona? Ijumaa ulitazamia wapi? Mle ndani au hapa juani?"

Mkurugenzi alifuta machozi ya kicheko, na alipomaliza kuyafuta uso wake ulikuwa mwingine.

"Kazi hii ina uzoefu wake, Mama. Mtu wa miaka mingi kama mimi—"

"Basi twende ndani, zamu yako. Nitahamisha tena."

Hakusogea. Alitazama watu, akatazama mlango, kama mtu anayetafuta pa kushukia. Kisha akaonyesha kidole kwenye koti jeupe.

"Sikuhitaji kutazama," alisema. "Mtunza ndiye aliyeniambia yameiva. Mimi nilimwamini yeye. Kama kuna kosa, tumwulize yeye."

Shemeji aliinua kichwa. Viatu vyake havikuwa na la kumwambia tena.

"Mimi?" alisema.

"Wewe ndiye mtaalamu wa—"

"Mimi nilikuambia yameiva? Alhamisi jioni, ofisini kwako, nilikuambia nimepunguza mabomba yote, ni machanga, yasiguswe. Ulijibu 'sawa' ukiwa unatafuna karanga! Ijumaa hukunipigia simu. Jumatatu uliniita ukaniambia nichague wa kumtupa, shemeji yangu au mimi mwenyewe, nami kwa woga wangu nikanyamaza, nikala chumvi ya dada yangu nikiwa nimemuuza mumewe. Nilidhani nikinyamaza angalau utaniacha. Kumbe ulikuwa unasubiri tu nani yuko karibu na mkono wako!" Sauti yake ilipanda ikatetemeka, lakini haikukatika. "Taa ni nzima. Nimezipima mwenyewe jana. Mwani uliuawa na haraka yako. Na ulipowasha nyeupe uliona. Yeyote aliyewahi kuona mwani angeona."

Hakuna aliyecheka. Mtunza bohari aliikuna shingo yake kwa bidii kubwa.

"Tusiifanye kuwa vita," alisema Mkurugenzi kwa upole mpya. "Sisi hapa ni familia moja. Makosa ya kitaalamu hutokea. Yaishe."

"Yaishe?" Cheche alipata sauti yake. "Yalipoanza hukuyaanza chinichini! Ulipanda ngazi! Uliwaita watu wote, mlinzi akaacha geti! Leo unataka yaishe kwa kunong'ona? Neno lilisemwa juu, lifutwe juu. Twende kwenye ngazi."

"Fundi, mbele ya mgeni—"

"Mgeni anataka unga wake," alisema Mama Mayai. "Binti, mbegu ipo?"

"Ipo, Mama. Ninayo mimi."

"Unga utapatikana lini?"

"Nikiachwa nifanye kazi yangu, mwezi ujao."

"Nitasubiri." Akamtazama Mkurugenzi. "Lakini nitamsubiri binti huyu. Wewe nenda kwenye ngazi ukamalize mambo yako, jua linatuchoma."

Mkurugenzi akaenda. Hakupanda zote, alisimama ngazi ya kwanza, kama aliyeogopa urefu.

"Imeonekana kwamba palikuwa na kutoelewana," alisema. "Taa zilikuwa nzima."

"Nani aliamuru ziwashwe?" aliuliza Cheche.

"Uongozi."

"Uongozi una jina?"

"Mimi."

"Mlinzi getini hajasikia."

"Mimi!" Mkurugenzi alipiga kelele. "Ni mimi! Umeridhika?"

Cheche hakuridhika. Alikuwa amefikiri kwamba neno hilo likisemwa litamshuka kifuani kama maji baridi, lakini kifua kilibaki kinawaka vilevile. Watu walitawanyika wakiongea chini kwa chini. Wawili watatu walimpiga begani na kusema "Fundi wetu!", wale wale waliojipiga mapaja Jumatatu, naye hakuwajibu. Mkurugenzi alipita karibu yake na, bila kumtazama, akasema kwamba kile kitufe cha taa nyeupe kingefaa kirekebishwe ili mwanga upande kidogo kidogo. Lini ataweza? Kana kwamba hakuna kilichotokea! Cheche alimtazama mgongo wake hadi ukaingia ofisini.

Shemeji alikuja akasimama kando yake.

"Nimesema," alisema.

"Umesema alipokugusa wewe. Aliponigusa mimi ulikuwa na viatu."

"Ndiyo."

"Usiseme 'ndiyo' kama aliyepewa cheti."

"Nisemeje, shemeji? Ni kweli. Sina namna ya kuifanya isiwe kweli."

Cheche alitaka kuendelea. Alikuwa na maneno mengi, yote makali, yamejipanga kama misumari ndani ya kopo. Lakini alikumbuka mkono wake ukizungusha kile kitufe Ijumaa, na akaumeza msumari wa kwanza, kwa shida. Akaenda kuleta ngazi yake ya mbao kutoka ukutani mwa bohari, akaiegemeza ndani ya chumba cha mwani, chini ya taa nyeupe ya kwanza. Akachomoa bisibisi mfukoni kwa nguvu.

"Ningeweza kuja kesho," alisema, bila kumwambia mtu. "Lakini nikija kesho watasema usiku nilikwenda kubadilisha taa feki. Nafanya leo, wakiwa wanaona." Akakanyaga kipandio cha kwanza, ngazi ikayumba. "Wewe mbona umesimama? Shika ngazi."

"Nimeshika."

"Shika vizuri. Si kwa vidole."

Shemeji yake aliikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, bega likiwa limeegemea kwenye mbao, naye Cheche akapanda akinung'unika kila kipandio.